Kitabu cha Mgonjwa

Wahenga walisema, Mgonjwa haulizwi uji. Maana yake yajulikana na kila mtu aliyepata kuuguza: mwenye homa ukimwuliza kama ataka kula, atasema hataki; basi mwenye kumpenda hamwulizi, humpikia tu, akamketisha, akamnywesha kidogo kidogo. Neno hili ni la hekima kwa habari ya uji. Lakini twaona ya kuwa watu wengi wamelifanya kuwa sheria ya vitabu pia. Mtu aendapo kumtazama mgonjwa nyumbani kwake, humchukulia kitabu ambacho yeye mzima amekichagua, na mara nyingi ni kitabu cha maonyo, juu ya dhambi na mauti na hukumu. Mgonjwa hukipokea kwa mikono miwili, hushukuru, hukiweka chini ya mto. Na mgeni akiisha kwenda zake, hugeuza uso wake ukutani.

Katika makala haya twataka kupima vitabu vichache ambavyo wasomaji wetu wengi wavijua, na picha mbili za sinema, tuone ni vipi vimfaavyo mtu alalaye nyumbani, na kwa nini. Hatusemi habari ya mgonjwa aliye mahututi. Huyo ahitaji mkono wa kushikwa na sala fupi, wala hana haja na kurasa. Twasema juu ya yule ambaye homa imemwacha lakini magoti hayajapata nguvu. Juu ya aliyevunjika mguu, naye ameambiwa asikanyage chini kwa majuma mengi. Juu ya mwenye kifua kikuu, ambaye dawa zake humezwa kwa muda wa miezi 6 au zaidi, na mwanzoni hana nguvu hata ya kushika jembe. Siku ya mtu huyo ni ndefu kuliko yetu. Asubuhi wenzake wamekwenda shamba, watoto wamekwenda shule, nyumba imenyamaza, kuku waingia na kutoka, naye ahesabu miti ya dari. Kitabu si dawa, wala hakishushi homa. Mwenye homa na apelekwe zahanati kwanza. Lakini saa zile za upweke zina maumivu yake zenyewe, na hayo kitabu chaweza kuyatuliza.

Maandiko yametuonyesha jambo hili tangu zamani. Rafiki watatu wa Ayubu walipomwona katika majipu yake, waliketi pamoja naye chini, siku 7 mchana na usiku, wala hakuna aliyemwambia neno. Siku hizo walikuwa wafariji wa kweli. Walipofungua vinywa vyao ndipo walipoharibu kazi yao, maana kila mmoja alitaka kumthibitishia mgonjwa ya kuwa ugonjwa wake ni kosa lake mwenyewe. Na mwisho wa habari twajua Mungu aliwakasirikia nani. Kitabu cha lawama kiletwacho kitandani ni kama rafiki wa Ayubu wa siku ya 8. Twamkumbuka na mfalme Sauli, aliyesumbuliwa rohoni. Daudi hakuletwa mbele yake amhubiri. Aliletwa apige kinubi, na mfalme akapata nafuu.

Wako watakaojibu ya kuwa mgonjwa ana nafasi ya kufikiri, na kwa hiyo apewe vitabu vitakatifu peke yake. Nao hutaja habari za Ignatius wa Loyola. Habari hizo ni za kweli, nasi twapenda kuzisimulia, lakini twaona hazifundishi wanavyodhani. Mwaka 1521 askari huyo wa Hispania alipigwa na risasi ya mzinga katika mji wa Pamplona, mguu wake ukavunjika. Alichukuliwa kwao Loyola, akalala kitandani muda mrefu. Akaomba vitabu vya hadithi za mashujaa wapanda farasi, maana ndivyo alivyovipenda. Lakini nyumbani havikuwamo, basi akapewa kitabu cha maisha ya Kristo na kingine cha maisha ya watakatifu. Alipochoka kusoma, alilala akiwaza. Mara akawaza habari za dunia, za vita na za bibi mmoja mwenye cheo, mara akawaza habari za watakatifu. Ndipo akaona tofauti. Mawazo ya namna ya kwanza yalimpendeza wakati alipoyawaza, lakini yakiisha kupita yalimwacha mkavu na mwenye huzuni; yale ya pili yalimwacha na furaha hata baada ya kupita. Mtu huyo ndiye aliyeanzisha chama cha Wajesuiti, kilichokubaliwa na Papa mwaka 1540.

Sasa tutazame vizuri. Hakuna aliyemwambia Ignatius kwamba hadithi alizoomba ni dhambi, zilikosekana tu. Wala hakuna aliyesimama karibu na kitanda akimwonyesha kidole. Tofauti ile aliiona mwenyewe, kwa kuuchungulia moyo wake baada ya kufunga kitabu. Basi somo si kwamba hadithi ni mbaya. Somo ni mizani aliyoigundua. Kitabu cha mgonjwa kipimwe kwa kile kinachobaki moyoni kikiisha kufungwa, na mwenye kuishika mizani hiyo ni mgonjwa mwenyewe. Ndiyo neno letu lote katika makala haya, na kwa mizani hiyo twataka kuvipima vitabu vyetu.

Tuanze na Kisiwa chenye Hazina, ambacho Frederick Johnson alikitia katika Kiswahili. Ndiye bwana yule aliyekuwa katibu wa kwanza wa Kamati ya Lugha mwaka 1930. Mtungaji wake, Robert Louis Stevenson, alizaliwa Edinburgh mwaka 1850, akawa mgonjwa wa kifua tangu utoto. Usiku mwingi alilala akikohoa, na yaya wake, Alison Cunningham, alikesha naye. Mama huyo alimpenda mno, naye hakumsahau. Mwaka 1885 alipotoa kitabu cha mashairi ya watoto alimtolea yeye. Lakini yaya huyo alikuwa mtu mkali wa dini, na habari za jehanamu alizomsikilizisha mtoto zilimfanya aogope hata kufumba macho. Hapa twaona ya kuwa upendo ni jambo moja na kujua lifaalo mgonjwa ni jambo jingine. Mtu aweza kuwa na upendo mwingi, na bado akaleta hofu kitandani.

Stevenson alipokuwa mtu mzima hakuacha kuugua. Mwaka 1881 alikaa katika kijiji cha Braemar huko Scotland, mvua ikinyesha siku nyingi hata watu hawakuweza kutoka nje. Akachora ramani ya kisiwa pamoja na mtoto wa mkewe, na kutoka katika ramani ile akaanza kutunga, akiwasomea watu wa nyumbani kila alichoandika. Kazi ikamkwama katikati. Akaimaliza Davos, mji wa milimani katika Uswisi walikopelekwa wagonjwa wa mapafu. Mwaka 1883 kikatoka kuwa kitabu. Kwa hiyo kitabu hiki kimetungwa na mtu aliyejua kitanda vizuri.

Na ujuzi huo waonekana ndani yake. Wasomaji wengi hukumbuka Jim Hawkins katika pipa la matofaa, na John Silver mwenye mguu mmoja, na hazina iliyofukiwa. Sisi twamkumbuka zaidi daktari Livesey. Merikebu ilipotia nanga kisiwani, alinusa harufu ya matope na majani yaliyooza, akatambua mara moja kuwa pale pana homa. Maharamia hawakujali, wakalala penye kinamasi, na homa ikawapata. Basi daktari, adui yao, ambaye walitaka kumwua, akaenda katikati yao asubuhi, akawatazama mmoja mmoja, akawauliza hali zao, akawapa dawa, kama mganga azungukaye nyumba kwa nyumba katika kijiji chenye amani. Mwandishi hakuweka hapo mahubiri hata mstari mmoja. Hakutukumbusha amri ya kuwapenda adui. Alimwonyesha tu mtu akiitenda, kisha akaendelea na hadithi. Sisi tukaao penye mbu twajua maana ya sura hiyo kuliko watu wa Scotland.

Kosa la kitabu hiki kwa mgonjwa ni hofu yake. Sura za mwanzo, na yule kipofu Pew agongaye njia kwa fimbo yake usiku, hazifai kusomwa taa ikiisha kuwashwa, hasa kwa mtoto ambaye homa yamfanya aote ndoto mbaya. Na asomewe mchana, jua likiwa mlangoni. Lakini tukikiweka katika mizani, kinachobaki ni hamu ya kuinuka na kwenda. Kwa mtu ambaye hawezi kufika hata mlangoni, hamu hiyo ni kitu kikubwa.

Kitabu cha pili ni Mashimo ya Mfalme Sulemani, ambacho Johnson alikifasiri pia. H. Rider Haggard, Mwingereza aliyekaa Afrika ya Kusini katika ujana wake, alikitoa mwaka 1885. Wengi wamekisoma shuleni, lakini kuna jambo ambalo hulipita haraka: mwenye kusimulia ni mgonjwa. Mwindaji Allan Quatermain asema mwanzoni kabisa kwamba amelala Durban na maumivu ya mguu wake wa kushoto, ambao simba aliuuma zamani, naye aandika ili kupitisha siku. Tena ataka kumfurahisha mwanawe Harry, aliye hospitalini London akijifunza udaktari. Basi kitabu chote ni cha kitandani, baba mgonjwa akimwandikia mwana atakayewauguza wengine. Labda ndiyo sababu kinakwenda vizuri hivi. Mgonjwa akisoma habari za jangwa na kiu, na za milima miwili yenye theluji, asahau kwa saa moja kuwa maji yake yako katika kikombe karibu na mto.

Tena ndani yake mna sura ya uuguzi iliyo bora kuliko nyingi tulizosoma. Baada ya vita vikubwa, nahodha Good alishikwa na homa kali kwa sababu ya jeraha lake. Msichana wa nchi ile, Foulata, alimwuguza. Usiku mmoja Quatermain aliingia chumbani, akasikia kimya, akadhani rafiki yake amekwisha kufa. Kumbe amelala usingizi wa kupona, naye ameshika vidole vya Foulata. Msichana alikuwa ameketi hivyo saa 18 bila kujinyosha, akiogopa kwamba akiutoa mkono wake mgonjwa ataamka. Na mgonjwa alipoamka, ilibidi yeye abebwe, kwa jinsi viungo vyake vilivyokufa ganzi. Mtu awezaye kuandika hivyo amepata kuona uuguzi wa kweli.

Walakini hatuna budi kusema yanayofuata. Foulata huyo, mtungaji hakumwacha aishi. Achomwa kisu na mchawi Gagool ndani ya shimo la hazina, naye hapo akiwa katika kuwaokoa wale wageni. Na akiwa katika kufa, mtungaji amtia kinywani maneno ya kukiri kwamba yeye mweusi hangaliweza kuolewa na mweupe. Kisha Quatermain, akitazama nyuma, ahesabu kifo hicho kuwa bahati njema, maana kimeondoa matata. Sasa fikirini: msichana wa kijiji chetu amelala na homa, dada yake amekesha naye, amemnywesha uji, amemfuta jasho. Asoma habari za mwuguzi mwenye ngozi kama ya dada yake, aliyeketi saa 18 bila kujinyosha. Halafu asoma kwamba ilikuwa vizuri afe. Kikiwekwa katika mizani, kinachobaki ni nini? Ni ladha chungu ambayo Mwingereza aliyekisoma mwaka 1885 hakuionja.

Hatusemi kitabu kitupwe. Mwendo wake ni mzuri, na Kiswahili chake kimewafundisha wengi kusoma kwa furaha. Lakini kitabu cha faraja kina deni zaidi kuliko vitabu vingine, kwa sababu asomaye amelala, hana silaha, amefungua moyo apate kutulizwa. Anayemsomea mgonjwa kitabu hiki afikapo mahali pale na asipite kimya. Na aseme, Hapa mwandishi amekosa. Aliuona mkono wa Foulata lakini hakumwona Foulata. Neno moja la namna hiyo latosha, na mgonjwa atajua kuwa hayuko peke yake katika kuumizwa.

Tuje kwa vitabu vyepesi zaidi. Wako watu wanaoona aibu kumpa mtu mzima Hekaya za Abunuwasi, wakisema ni za watoto. Sisi twaona ndizo za kwanza kuletwa. Abu Nuwas wa kweli alikuwa mshairi wa Baghdad zamani za Khalifa Harun al-Rashid, lakini pwani yetu imemfanya kuwa mtu wake, mjanja mwenye kuwashinda wakubwa kwa ulimi. Hekaya zake ni fupi. Mgonjwa aweza kuimaliza moja kabla macho hayajachoka. Katika ile ya sufuria, Abunuwasi aliazima sufuria, akairudisha na kijisufuria ndani yake, akasema imezaa. Mwenye mali akafurahi, akapokea. Akaazima tena, safari hii asirudishe, akasema imekufa. Mwenye mali aliyekubali kuwa sufuria huzaa, atakataaje kuwa hufa? Mgonjwa hucheka, na aliyeshonwa tumbo aonywe asicheke sana. Tena hekaya hizi zina haki ndani yake: mchoyo hushikwa kwa uchoyo wake mwenyewe. Aliye mnyonge kitandani hupenda kusikia kuwa kuna mnyonge aliyeshinda.

Alfu Lela Ulela ina fadhili nyingine. Kila mtu ajua jinsi Shahrazad alivyomsimulia mfalme mkatili, akikata hadithi penye utamu alfajiri, ili apate siku moja zaidi ya kuishi. Mfalme yule naye tungaweza kumwita mgonjwa, kwa kuwa moyo wake ulikuwa umeharibika kwa hasira, na hadithi ndizo zilizomtuliza polepole. Anayemsomea mgonjwa na ajifunze kwa Shahrazad: akate mahali pazuri. Maana ugonjwa mrefu huiondoa tamaa ya kesho. Kesho huwa kama leo, dawa ile ile, dari ile ile. Lakini mtu aliyeachwa na baharia Sindbad juu ya mgongo wa samaki aliyedhaniwa kuwa kisiwa, huyo ana sababu ya kutaka kuche. Ziko hadithi humo zisizofaa kusomwa mbele ya watoto. Mwenye nyumba na achague.

Na Safari ya Msafiri je? Hicho ni kitabu cha dini, nasi hatukikatai hata kidogo. John Bunyan alikaa gerezani Bedford miaka 12, kutoka 1660 hata 1672, na mwaka 1678 kitabu hicho kikatolewa. Hata wakati huo walikuwako wacha Mungu waliosema kwamba si vema kufundisha dini kwa hadithi ya kubuni. Naye aliwajibu kwa mashairi aliyoyaweka mwanzoni mwa kitabu. Kwa hiyo wale wasemao hadithi hazifai kwa Wakristo wakumbuke kuwa kitabu hiki wakisifucho kimejaa majitu na mapango na mapigano. Msafiri aanguka katika tope la kukata tamaa tangu mwanzo wa njia, na aliyemtoa alimwuliza alivyoangukia, kisha akampa mkono. Mgonjwa akikiomba kitabu hiki, na apewe kwa furaha. Lakini ni kirefu, na njia yake ni ya kupanda. Asisukumiwe kwa nguvu mtu ambaye hata kuketi kwamchosha.

Siku hizi watu wengi huwa na simu za mkononi zenye kuonyesha picha za sinema, na wagonjwa huzitazama wakiwa wamelala. Twaona sinema ina kasoro moja kwa mgonjwa: haimngoji. Kitabu hukaa pale kilipofungwa hata mwenyewe azinduke. Lakini picha zakimbia, na mwenye kichwa kizito huachwa nyuma. Tena mwanga wake huumiza macho, na makelele yake huwaamsha wengine. Hata hivyo ziko picha zinazofaa, na kati ya hizo twazitaja za Charlie Chaplin, aliyezaliwa Uingereza mwaka 1889. Zile za zamani hazina maneno ya kusemwa, basi bibi asiyejua kusoma wala Kiingereza azielewa sawasawa na mjukuu wake.

Katika picha ya mwaka 1925, The Gold Rush, watu wawili wamezuiwa na theluji kibandani bila chakula, hata wachemsha kiatu na kukila. Chaplin akila kwa adabu kama mtu aliyealikwa arusini, akinyonya misumari kama mifupa ya kuku. Ni kichekesho, lakini chini yake mna njaa ya kweli, ambayo Chaplin aliijua utotoni. Picha ya mwaka 1931, City Lights, yamfaa mgonjwa zaidi. Maskini yule mwenye kofia ampenda msichana kipofu auzaye maua. Msichana augua, naye maskini aenda kumtazama, amchukulia chakula, amsomea gazeti. Na katika gazeti hilo wapata habari za daktari awezaye kuponya macho. Hapa tena twakutana na kumtazama mgonjwa kama kunavyopaswa kuwa: chakula mkononi, kitu cha kusoma, bila lawama. Mwisho wa picha msichana, amekwisha kupata kuona, amtambua mfadhili wake si kwa macho bali kwa kumgusa mkono. Na mtungaji hatuambii kama atampenda katika matambara yake. Faraja yake haina uongo ndani yake, kwa hiyo haiishi upesi.

Kuna habari ya Chaplin mwenyewe ambayo yatupasa kuieleza, maana ndiyo iliyotuongoza katika fikira hizi. Aliisimulia katika kitabu cha maisha yake mwaka 1964. Alipokuwa mtoto maskini London, alilala siku moja akiwa katika kupona homa, katika chumba kimoja cha chini walichokodi. Mama yake, aliyekuwa mwigizaji wa michezo hata sauti yake ikaharibika, aliketi na mgongo wake dirishani, akamsomea Agano Jipya. Hakumsomea kama hakimu. Aliigiza: akawa mwanamke aliyetaka kupigwa mawe, akawa Pilato, akawa Yesu mwenye huruma kwa maskini na watoto, hata wote wawili wakalia machozi. Chaplin hakujulikana baadaye kuwa mtu wa kanisa; lakini alipokuwa mzee wa zaidi ya miaka 70, jioni ile aliiandika kuwa mwanga mwema kuliko yote aliyopata kuonyeshwa.

Basi tusimsikie mtu akisema kwamba twafukuza Injili kitandani pa mgonjwa. Tunachofukuza ni lawama iliyovaa kanzu ya Injili. Kitabu kile kile, katika mikono ya yaya wa Edinburgh, kilimtia mtoto hofu ya kulala. Katika mikono ya mama wa London kilimwangazia maisha yake yote. Wote wawili waliwapenda watoto wao. Tofauti ni kwamba mmoja alisoma ili kuonya, na mwingine alisoma ili mgonjwa aone.

Tena kama kuna mwenye haki ya kuusia penye kitanda, ni yule aliyelala juu yake. Pwani yetu yajua hivyo kwa mfano wa Mwana Kupona binti Msham wa Pate, ambaye mwaka 1858, akiwa mgonjwa, alimtungia binti yake utenzi wa mawaidha. Alifariki miaka michache baadaye, na utenzi wake wasomwa hata leo. Yeye mgonjwa ndiye aliyewausia wazima; wazima hawakuja kumwusia yeye. Sisi tumeigeuza desturi hiyo juu chini.

Ndugu wasomaji, jambo lenyewe si gumu. Uendapo kumtazama mgonjwa, mwulize kwanza: Je, wapenda nikusomee? Wapenda nini? Akitaka kitabu alichokisoma utoto wake, usimcheke. Ajua mwisho wake, na katika ugonjwa ni raha kujua mwisho wa jambo moja angalau. Akitaka Zaburi, soma Zaburi. Akitaka Abunuwasi, soma Abunuwasi. Soma kwa sauti ya chini, wala usisome upesi. Akisinzia, usiudhike ukaona kazi yako imepotea. Ile ndiyo sifa kubwa kuliko zote apatazo msomaji. Weka alama mahali ulipofika, umfunike, uondoke polepole.

Nanyi wazazi, watumeni watoto. Mtoto wa darasa la nne akiketi karibu na babu yake mgonjwa na kumwambia, Babu, nikusomee? atajifunza kusoma kwa namna ambayo sisi walimu hatuwezi kumfundisha darasani, maana hapo hasomi apate alama, asoma kwa kuwa kuna mtu anayemngoja afungue ukurasa. Na wenye vitabu wasivifungie masandukuni vikaliwa na mchwa. Katika kila mtaa wa kanisa zinaweza kukusanywa nakala tano au sita, zikawekwa kwa mzee mmoja mwaminifu, zikaazimwa kwa wagonjwa na kurudishwa wakipona. Uji na uendelee kupikwa bila kuuliza. Kitabu, tuulize.